Jeli Nyekundu ya 1958: Kwa Nini The Blob Haijafa Mpaka Leo

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Juzi nimeangalia The Blob, ile ya zamani ya 1958, nikaiangalia kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa nacheka maana dubwana lenyewe ni jeli tu inatambaa, lakini nikajikuta nimeimaliza yote, na mdogo wangu ana miaka tisa akakataa kulala peke yake. Nimesoma eti kuna mji huko Marekani mpaka leo wanaifanyia sherehe kila mwaka. Inakuwaje muvi ya bajeti ndogo hivyo inadumu miaka yote hii, wakati muvi za madubwana ya kompyuta za juzijuzi hata majina yake nimeshasahau? Nauliza pia kwa sababu mimi na wenzangu hapa Tanga tunataka kushuti muvi fupi ya dubwana, tuna kamera moja na hela ya mawazo.

JIBU: Ndugu yangu, umeniuliza kitu ambacho nikiachiwa nitaongea mpaka alfajiri, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu kidogo. Nianze na jibu lenyewe halafu nikueleze nimelitoa wapi. The Blob imedumu kwa sababu walioitengeneza walijua kabisa hawana hela, wakachagua dubwana ambalo ukata wao hauwezi kuliumbua. Hapo ndo siri ilipo. Mambo mengine yote nitakayokwambia yanatokana na uamuzi huo mmoja.

Sasa angalia hao watu ni akina nani. Prodyuza alikuwa Jack H. Harris, mtu wa biashara ya kusambaza filamu kule Pennsylvania, na aliyeiongoza ni Irvin Yeaworth, ambaye kampuni yake, Good News Productions, kazi yake ya kila siku ilikuwa filamu za dini na za mafunzo, studio yao ilikuwa shamba huko Chester Springs, upande wa pili kabisa wa nchi ukitokea Hollywood. Yaani hawakuwa watu wa muvi za kutisha kabisa. Bajeti inayotajwa mara nyingi ni kama dola 110,000, hela ambayo hata mwaka 1957 waliposhuti ilikuwa ndogo kwa muvi ya rangi. Staa wao ni kijana ambaye hakuna aliyekuwa anamjua, Steve McQueen, ana miaka 27 na anaigiza mwanafunzi wa sekondari. Huyu aliambiwa achague, achukue kama dola 3,000 mkononi au alipwe kidogo halafu apate asilimia 10 ya faida, na kwa vile kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri na hakuona muvi yenyewe itafika wapi, akachukua cash. Muvi ikaja kuingiza karibu dola milioni 4. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaiona, stori ni fupi. Kimondo kinaanguka nje ya mji mdogo, mzee mmoja anayeishi peke yake anakwenda kukichokoa na fimbo, ndani yake kuna kitu kama ute, kinapanda kwenye fimbo, kinamng'ang'ania mkono. Kijana Steve, ndiye huyo McQueen, na mwenzake Jane walikuwa wamekaa kwenye gari wanaangalia nyota, wanamkuta mzee barabarani anahangaika kwa maumivu, wanampeleka kwa daktari. Kile kitu kinammaliza mzee, kinammaliza nesi, kinammaliza daktari, na kila kikila kinakua, na kila kikikua wekundu wake unakolea. Karibu yote hayo yanatokea usiku mmoja, mji mmoja, na muvi nzima haifiki hata dakika 90.

Haya, turudi kwenye dubwana. Miaka ile ukitaka kutengeneza muvi ya dubwana na huna hela ulikuwa unamvalisha mtu suti ya mpira. Tatizo la suti ni kwamba ina sura, ina mikono, ina macho, kwa hiyo mtazamaji anajua ilitakiwa ionekane vipi na anaona wapi imekosewa, anaona mkunjo kwenye goti, anaona kabisa kwamba humo ndani kuna mtu anatoka jasho. Na miaka ikizidi kwenda inazidi kuonekana hivyo, kwa sababu teknolojia inapanda na jicho la mtazamaji linapanda nayo. Madubwana ya kompyuta yana shida hiyohiyo, na ndo maana unayasahau. Yamejaa meno na magamba na mikia, kila kimoja kinashindana na kitu halisi unachokijua, mnyama, mjusi, mdudu, halafu baada ya miaka mitano inatoka kompyuta yenye nguvu zaidi na yale ya zamani yanaonekana katuni. Jeli nyekundu haishindani na chochote. Haina sura wala sauti, haina mbele wala nyuma, na hakuna mahali popote duniani umewahi kuona kitu cha namna ile kwa hiyo huna pa kusimama useme "hapa wamekosea." Ilivyokuwa 1958 ndo ilivyo leo. Mdogo wako wa miaka tisa anaiona vilevile alivyoiona mtoto wa miaka ile.

Halafu kuna kitu kingine ambacho watu wa muvi wanakisahau sana. Jeli haina nia. Haimchukii mtu, hailipizi kisasi, haina kabila la watu inaowatafuta, huwezi kuiomba msamaha wala kuilaghai. Inakula tu. Zimwi la hadithini linaongea, unaweza kulidanganya ukaponea, na sisi wote tumekua na hadithi za sungura anayemzidi akili mkubwa wake. Hili halina akili ya kuzidiwa. Watu wanalimwagia tindikali, wanalipiga risasi, na lenyewe wala halikasiriki, linaendelea kuja kwa mwendo uleule. Mimi hapo ndo naona kutisha kwake kunapoanzia, na haliongezi hata senti kwenye bajeti.

Nikueleze sasa walilifanyaje kutembea, maana hili litakusaidia huko Tanga. Walichukua silikoni, ile nzito inayotiririka polepole bila kuganda, wakaitia rangi nyekundu. Wakatengeneza vyumba vya modeli, vidogo vya kuwekwa juu ya meza, wakaifunga kamera kwenye ubao uleule uliobeba modeli, imekazwa isicheze hata kidogo. Halafu wakawa wanainamisha ubao wote, modeli na kamera kwa pamoja. Kwa sababu kamera inainama sawasawa na chumba, kwenye picha chumba kinaonekana kimetulia wima kama kawaida, na jeli ambayo kiukweli inateremka tu kwa uzito wake inaonekana inajiendesha yenyewe, inakata kona, inapanda ukuta, inapita chini ya mlango. Hakuna waya, hakuna injini, ni uzito wa dunia tu umefichwa. Sehemu nyingine hata modeli hawakuwa nayo, walitumia picha ya mnato iliyokuzwa wakaitambaza silikoni juu yake, kama ule mgahawa unaofunikwa wote mwishoni.

Ukijua hivyo halafu ukairudia muvi, unaona kwa nini jicho linaikubali. Kile kitu kipo kweli mbele ya lenzi. Mwanga wa taa unaking'arisha kweli, kina uzito, kikifika kwenye kizingiti kinasita kidogo, kinavimba, halafu kinamwagikia upande wa pili, na huo msito hakuna aliyeupanga, ni tabia ya silikoni. Unapata kitu kinachofanya maamuzi yake mwenyewe. Mimi nikiwaonyesha vijana ninaowafundisha kushuti huwa nasimamisha hapohapo kwenye kizingiti nawaambia angalieni ukingo wake wa mbele unavyokunjika, maana huwezi kumwambia mtu wa kompyuta akuchoree kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kitafanya nini.

Na rangi. Wangeweza kushuti nyeusi na nyeupe wakaokoa hela nyingi, muvi nyingi za bei yao zilifanya hivyo, hata ile iliyotoka nayo sambamba kwenye tiketi moja ilikuwa nyeusi na nyeupe. Wao hela yao wakaiweka kwenye rangi. Ni uamuzi wa watu waliofikiri, kwa sababu bila wekundu jeli ile ni matope tu. Wekundu unakwambia kitu ambacho muvi haikisemi kwa mdomo, kwamba kilichomo ndani yake ni watu. Ilipoingia sokoni ilikuwa ndo muvi ya pili kwenye tiketi, ya kujazia muda, lakini watu walikuwa wanaijia hiyo ya kujazia, mpaka wasambazaji, Paramount, wakageuza mpangilio.

Sasa umesema mwanzoni ulikuwa unacheka. Ni kawaida, karibu kila mtu anaanza kwa kucheka, na wala si dharau, wimbo wenyewe wa mwanzo unakuchekesha, umetungwa na Burt Bacharach akiwa bado hajawa Bacharach mtunzi mashuhuri wa nyimbo tunayemjua, na Mack David, saksafoni inarukaruka kama muziki wa harusi, na wimbo ule ulipanda mpaka nafasi ya 33 kwenye chati za Marekani. Unaingia na moyo mwepesi. Kicheko kinaishia wapi? Kwa vijana niliowaonyesha mimi kinaishia sehemu moja, dirishani kwa daktari. Steve amerudi nyumbani kwa daktari, mlango hafunguliwi, anazunguka nje usiku, na kwenye dirisha lenye pazia za mbao anamuona daktari amefunikwa na kile kitu anahangaika. Ni muda mfupi sana, ukipepesa umepitwa. Kamera haiingii ndani na hatuoni zaidi ya alichoona Steve, na yeye hawezi kufanya chochote, kuna kioo na pazia katikati. Hapo chumba kinanyamaza. Na naamini ukweli wa nyuma ya pazia ni kwamba hawakuwa na uwezo wa kuonyesha mtu mzima anamezwa kwa karibu, kwa hiyo wakaweka dirisha. Kila unapoona mlango, tundu la hewa, au uso wa mtu anayeangalia kitu nje ya picha kwenye muvi hii, ujue hapo palikuwa na bajeti imeisha na wakapageuza kuwa hofu.

Lakini ngoja, hilo dirisha lina kazi nyingine kubwa zaidi, na mimi nadhani hii ndo roho ya muvi yenyewe. Steve anakimbilia polisi. Polisi wanaenda na yeye mpaka pale nyumbani, wanakuta vitu vimevurugika kidogo lakini hakuna damu, hakuna maiti, na daktari alikuwa ameshasema anasafiri kwenda mkutanoni, kwa hiyo hata kutokuwepo kwake kuna maelezo yake safi kabisa. Dubwana linalokula mtu mzima mzima haliachi ushahidi. Umeona walivyoshona? Kitu kilekile kilichowaokolea hela, kwamba hakuna maiti za kutengeneza, ndo kinamfanya kijana aonekane muongo. Afisa mmoja anamuonea huruma, mwingine ana kinyongo na vijana wote anaona wanamchezea tu. Wazazi wanaitwa kituoni usiku, wamevaa nusu nusu, wanaambiwa wachukueni watoto wenu mkalale.

Na hapo muvi inageuka. Kutoka hapo kwenda mbele hofu yako haiko kwenye jeli peke yake, iko kwenye kujua kitu cha kweli na hakuna mtu mzima anayekusikiliza. Nani hajawahi kuwa hapo? Mtoto aliyemwambia mama kuna jambo akaambiwa nyamaza, kijana aliyekwenda kuripoti kitu akaulizwa yeye alikuwa anafanya nini huko saa ile. Ndo maana mdogo wako wa miaka tisa ilimuingia zaidi yako, nina hakika kabisa. Wewe uliona jeli, yeye aliona watoto wanasema kweli na wanarudishwa kulala.

Vijana wanaamua wenyewe. Wanatoroka majumbani, wanazunguka mji, na baada ya kuliona dubwana kwenye supamaketi wanapiga honi za magari na ving'ora mpaka mji mzima unaamka na kutoka nje kwa hasira. Kuna kipande kimoja pale mwishoni ambacho mimi nakipenda kuliko shoti zote za jeli. Wameshagundua kwamba kitu kile kinaogopa baridi, kwa sababu mle supamaketi Steve na Jane walijifungia kwenye chumba cha baridi na jeli ikaanza kupenya chini ya mlango halafu ikarudi nyuma yenyewe, na baadaye mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni dayoksaidi ukaifanya isinyae. Inahitajika mitungi mingi, na mitungi iko shuleni, na shule imefungwa. Mwalimu mkuu ni baba yake Jane, ndiye mzee aliyekuwa mkali kuliko wote, mtu wa sheria na heshima, na funguo hana. Anaokota jiwe, anasimama mbele ya mlango wa shule yake mwenyewe, anasita, halafu anavunja kioo huku vijana wamesimama wanamuangalia. Ni sekunde chache tu. Mtu mzima amewaamini watoto mpaka anavunja shule yake. Ukimuuliza mtu aliyeiona muvi hii utotoni anakumbuka nini, wengi watakwambia jeli inatoka kwenye jumba la sinema, lakini kilichowafanya wairudie, kwa maoni yangu, ni lile jiwe.

Siwezi kusema muvi haina mapungufu. Katikati inachosha, kuna maongezi marefu ya kituoni yangeweza kukatwa nusu, hao "wanafunzi" wengine wana sura za watu wenye familia, na kile kipande cha mashindano ya magari ya kurudi kinyumenyume kimekaa pale kwa sababu vijana ndo walikuwa wananunua tiketi. Lakini hata hivyo muda huo wa taratibu unakupa mji. Ukifika mwisho unamjua polisi anayecheza chesi kwa redio, unajua watu wa pale wanaishi vipi, na jeli ikivamia inavamia mahali unapopajua.

Ambapo panatuleta kwenye ile sherehe uliyosoma. Mji unaitwa Phoenixville, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chuma kilichofungwa 1987, kwa hiyo unaweza kuelewa hali ilivyokuwa. Jumba la sinema unaloliona kwenye muvi ni jumba la kweli, Colonial Theatre, limefunguliwa 1903. Kwenye muvi kuna onyesho la usiku wa manane la filamu za kutisha, mrusha picha amekaa kwenye chumba chake cha projekta anasoma, na jeli inaingia kupitia wavu wa tundu la hewa nyuma yake. Picha inakatika, watazamaji wanaanza kupiga kelele kulalamika, wanageuka nyuma kuangalia vile vitundu vya projekta, na wekundu unaanza kuchuruzika kutoka mle. Ujanja wa hapo ni mkubwa sana kwa sababu aliyekuwa anaangalia mwaka 1958 naye alikuwa amekaa kwenye jumba la sinema, gizani, ana vitundu hivyohivyo nyuma ya kichwa chake. Nakuhakikishia kuna waliogeuka. Halafu mlango wa mbele unafunguka na watu wanamiminika barabarani wanakimbia, na ukisimamisha picha uangalie nyuso utaona wengine wanatabasamu, maana ni watu wa pale pale, wenyeji, wanaigiza kwenye muvi kwa mara ya kwanza na wamefurahi.

Jumba hilo lilikuja kufungwa kwenye miaka ya 90, likafunguliwa tena 1999 na chama cha wananchi kisichotafuta faida, na kuanzia 2000 kila Julai wanafanya Blobfest. Kubwa la siku ni kuigiza upya ule mkimbio. Watu wanakata tiketi, wanakaa ndani, halafu wanatoka mlango uleule wakipiga mayowe mpaka barabarani, na kuna maandamano ya mitungi ya kuzimia moto. Hata silikoni yenyewe ya 1958 ilihifadhiwa na mkusanyaji mmoja kwenye ndoo yake na ilikuwa ikiletwa pale watu waione. Hii usiichukulie kama vichekesho vya wazungu. Muvi iliyoshutiwa studio kubwa haina mlango ambao unaweza kwenda kuushika. Hii inao. Watoto wa wale waliokimbia 1957 wanakimbia leo na watoto wao. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vyetu anajua muvi inavyobadilika ikiangaliwa na kundi linalopiga kelele pamoja, na Phoenixville wamefanikiwa kuitunza muvi yao ndani ya hali hiyo, haijawahi kubaki peke yake na mtu mmoja na skrini yake.

Wakati nao uliwasaidia. Walishuti kabla ya Sputnik, ile setilaiti ya Wasovieti iliyorushwa Oktoba 1957, lakini muvi ikatoka Septemba 1958, wakati kila mtu Marekani ameshazoea kuangalia juu usiku kwa wasiwasi. Watu wanapenda kusema jeli nyekundu ni ukomunisti. Mimi siamini sana tafsiri hiyo, naona ingekuwa na maana hiyo tu ingekufa na vita baridi. Kinachonigusa zaidi leo ni namna inavyoisha. Dubwana haliuawi, linagandishwa, jeshi la anga linalibeba na kulidondosha huko Aktiki, na Steve anasema maneno ya kwamba wako salama ilmradi Aktiki ibaki na baridi. Maneno "Mwisho" yanatokea yakifuatiwa na alama ya kuuliza. Mwaka 1958 ile ilikuwa ni mlango wa kuachia sehemu ya pili. Mtu wa sasa anayefuatilia habari za barafu ya kaskazini inavyoyeyuka, akisikia sentensi ile mwili unamsisimka, na hakuna mwandishi wa skripti aliyeweza kulipanga hilo.

Kama unataka ushahidi kwamba si suala la hela, mwaka 1988 waliirudia upya, Chuck Russell ndiye aliyeongoza, bajeti ya mamilioni, jeli inayeyusha watu mbele ya macho yako kwa ufundi wa hali ya juu kabisa, na sokoni Marekani ikaingiza kama dola milioni 8 tu, haikurudisha kilichotumika. Mimi naipenda, ina mashabiki wake wa kweli na wanazidi kuongezeka, lakini hakuna mji unaoikimbilia kila Julai.

Sasa nyie wa Tanga. Msianze na dubwana mnalolitaka, anzeni na vitu mnavyoweza kuvifanya vikaonekana sawasawa kwa asilimia mia, halafu dubwana litoke humo. Kama mnaweza kufanya maji ya bwawa yatikisike bila upepo na ikaonekana vizuri, basi dubwana lenu liko kwenye maji na halitoki. Kumbuka Popobawa alivyoitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, na ukiwauliza anafananaje kila mtu alikuwa na maelezo yake. Angekuwa na picha moja iliyokubalika naamini hofu ingepungua. Kwa hiyo msiwe na haraka ya kumaliza sura yake.

Mkitaka kujaribu jeli, silikoni ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu msiiguse, ile inaganda. Pikeni wanga mzito na rangi ya chakula, uache upoe, mjaribu uzito tofauti tofauti mpaka upate ule unaotambaa bila kukimbia. Fungeni simu kwenye ubao pamoja na modeli, ikazeni kwelikweli, shutini kwa fremu 120 kwa sekunde halafu mpunguze kasi, kwa sababu kitu kidogo kikirekodiwa kwa kasi ya kawaida kinaonekana ni kidogo, ukikipunguza mwendo kinapata uzito wa kitu kikubwa. Taa iwe moja na itoke ubavuni, ikitoka mbele mmeumbuka.

Stori iwe usiku mmoja na mtaa mmoja mnaoujua, Ngamiani kwenu, duka la jirani ambaye atawaruhusu akifunga biashara, na watu wa mtaani waigize wao wenyewe kwa majina yao kama wakikubali. Na kabla hujaandika chochote kuhusu dubwana niandikie kwanza ni nani anayeliona na ni nani asiyemwamini na kwa nini ana haki ya kutomwamini, maana pale kwa daktari polisi hawakuwa wajinga, walikuwa na sababu nzuri kabisa. Ukilipata hilo, hata dubwana lenu likiwa na dosari watu watalisamehe.

Mkishafanya jaribio la kuinamisha ubao nitumieni kipande, hata sekunde kumi zinatosha, niangalie kama kamera imecheza na kama uzito wa wanga umekaa sawa kabla hamjatumia hela kwenye kitu kingine chochote.